Imeandikwa Wapi?

Kuna swali moja la maneno mawili tu ambalo Mkatoliki wa Lubumbashi hulisikia tangu asubuhi hata jioni. Hulisikia kwa jirani aliyeokoka. Hulisikia katika kipaza sauti cha kanisa la uamsho lililo ng'ambo ya barabara. Hulisikia hata mezani pake, kinywani mwa mtoto wake mwenyewe aliyebatizwa na kupewa Kipaimara katika parokia. Swali lenyewe ni hili: Imeandikwa wapi? Kumwomba Bikira Maria atuombee, imeandikwa wapi? Kumbatiza mtoto mchanga, imeandikwa wapi? Kuwatolea marehemu Misa, imeandikwa wapi? Naye Mkatoliki, ambaye pengine Biblia yake imelala kabatini chini ya sahani za wageni, hunyamaza. Au hujibu kwa hasira kwamba ndivyo alivyokuta kwa wazee. Majibu yote mawili ni mabaya, na la pili ni baya kuliko la kwanza.

Leo twataka kulipima swali lenyewe, kama mnunuzi apimavyo shaba kabla ya kutoa fedha yake. Hatutaki kumcheka mwenye kuliuliza. Mara nyingi yeye ni mtu aliyeona kiu, akatafuta maji, akaona kwamba katika kitabu kile mna maji. Yatupasa kumheshimu kwa hilo. Lakini swali laweza kuulizwa kwa moyo mwema na bado likawa limejengwa vibaya, na hili, kwa maoni yetu, limejengwa vibaya mahali pamoja, nalo lafaa sana mahali pengine ambapo wale waliozoea kuliuliza hawaliulizi vya kutosha.

Kwanza tukumbuke kwamba katika nchi yetu ya Katanga mabishano haya si mageni. Mwaka 1886 Frederick Stanley Arnot, Mskoti, alifika Bunkeya, mji wa Mwami Msiri. Alikuwa mmoja wa wale waitwao Plymouth Brethren, watu wasio na mapadri wala maaskofu, wasiotaka kanuni ya imani yo yote iliyotungwa na wanadamu, ila Biblia na ndugu waliokusanyika kuisoma. Nyuma yake, mwaka 1890, alikuja Dan Crawford, ambaye baadaye alikaa Luanza kando ya ziwa Mweru, akaitafsiri Biblia nzima katika Kiluba-Sanga. Kazi ile ni kubwa, na Mkatoliki asiyeweza kuisifu ana kijicho. Wabenediktini wa abasia ya Saint-André, karibu na Bruges, walifika Katanga mwaka 1910, na Wasalesiani wa Don Bosco mwaka 1911. Hao wetu walileta Misa, shule, hospitali, na katekisimu ya kukariri kwa maswali na majibu.

Basi tazameni tofauti hiyo, maana matunda yake twayala hata leo. Waprotestanti walikuja na kitabu mkononi. Sisi tulikuja na mafundisho kinywani. Mzee Mprotestanti alijifunza kusoma ili aisome Injili ya Marko; mzee Mkatoliki alijifunza kwa moyo Amri Kumi, Sakramenti saba na matendo ya toba. Huyu wa pili hakudanganywa, maana alipewa imani nzima. Lakini wajukuu wake walipoulizwa swali la maneno mawili, walikuwa na jibu bila kujua limetoka ukurasa gani, na katika mabishano ya barabarani mtu asiyejua ukurasa huhesabiwa kuwa ameshindwa.

Sasa tuseme kwa haki yale ambayo Waprotestanti wa kwanza walifundisha, maana si sawa kumshinda mtu kwa kumwekea kinywani maneno asiyoyasema. Martin Luther aliposimama mbele ya mfalme Karoli wa Tano huko Worms mwaka 1521, hakusema kwamba Kanisa halikufundisha jambo lo lote jema kwa miaka elfu moja na mia tano. Alisema kwamba mapapa na mitaguso huweza kukosea, na kwamba dhamiri yake imefungwa na Maandiko. Yeye na Calvin walishika Kanuni ya Imani, walishika mafundisho ya Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 juu ya Utatu Mtakatifu, wakaendelea kubatiza watoto wachanga. Kwao Maandiko peke yake maana yake ni hii: katika yote yafundishwayo, Maandiko ndiyo hakimu wa mwisho asiyekosea. Kanisa letu lilijibu katika Mtaguso wa Trento, tarehe 8 Aprili 1546, kwamba Injili ya Kristo imetufikia katika vitabu vilivyoandikwa na pia katika mapokeo ya Mitume yasiyoandikwa, na kwamba yote mawili yapokewe kwa heshima moja. Hayo yalikuwa mabishano ya watu wazima, waliojua Kigiriki na Kiebrania na waliowasoma Mababa wa Kanisa. Wametodisti wa mji wetu, ambao wamekaa Katanga zaidi ya miaka mia, hata leo hawalidharau Kanisa la zamani, na mara nyingi mchungaji wao akiketi na padri wetu wasema kwa adabu na kuelewana.

Lakini yale yatokayo katika vipaza sauti si mafundisho ya Luther. Ni kitu chembamba zaidi. Husema kwamba kati ya siku ya Mitume na siku aliyookoka mhubiri hakuna kitu, ni giza tupu. Na kwamba mtu na Biblia yake, wakiwa wawili chumbani, watosha. Hayo ndiyo tutakayoyapima.

Mwombeni mhubiri jambo dogo. Afungue kitabu chake ukurasa ule wa mwanzo ambao hakuna mtu ausomaye, yaani orodha ya vitabu. Mwanzo, Kutoka, Walawi, mpaka Ufunuo. Mwulizeni kwa upole: orodha hii imeandikwa wapi? Ni nabii gani aliyeiandika? Ni Mtume gani aliyesema kwamba Waraka wa Yuda umo, na kwamba waraka wa Klementi wa Roma haumo? Hakuna. Katika vitabu vyote vya Biblia hakuna hata kimoja chenye orodha ya vitabu vya Biblia. Orodha hiyo tuliipokea. Vile vitabu ishirini na saba vya Agano Jipya twaviona vyote pamoja, bila kuzidi wala kupungua, katika barua ya Pasaka ya Atanasi, Askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Baadaye kidogo maaskofu waliokutana Hippo mwaka 393, na tena Kartago mwaka 397, waliithibitisha orodha ya vitabu vyote, vya Agano la Kale na Jipya, visomwe kanisani. Aleksandria iko Misri; Hippo iko katika nchi iitwayo leo Algeria; Kartago iko Tunisia. Wasomaji wapenzi, wale wanaotuambia kwamba mapokeo ni mambo ya Wazungu wa Roma hawajui kwamba orodha ya Biblia wanayoishika mkononi ilisimamiwa na maaskofu wa Afrika, na mmoja wao ni Agostino.

Na orodha ile ya Hippo na Kartago ilikuwa na Tobiti, Yuditi, Hekima, Yoshua bin Sira na vitabu vya Wamakabayo. Tusifiche lililo kweli: Jeromu, mtafsiri mkuu, alikuwa na mashaka juu ya vitabu hivyo, kwa kuwa havikuwamo katika Biblia ya Kiebrania ya Wayahudi wa siku zake. Luther alipotoa Biblia yake nzima ya Kijerumani mwaka 1534 alivifuata mashaka hayo, akavitenga mahali pamoja katikati, akisema kwamba havilingani na Maandiko lakini ni vyema kuvisoma. Hakuvitupa. Hata Biblia ya Kiingereza ya mfalme James ya mwaka 1611 ilichapwa navyo. Ni nani basi aliyevitoa kabisa? Katika mwaka 1826 wakubwa wa Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Kigeni, baada ya ugomvi mkubwa na wenzao wa Skotlandi, walikata shauri London kwamba fedha ya chama isitumike tena kuvichapa wala kuvieneza vitabu hivyo. Chama hicho ndicho kilichokuwa na mkono mkubwa katika kuchapa Biblia za lugha za Afrika. Kwa njia hiyo Biblia ya vitabu sitini na sita ilifika pwani, ikapanda bara, ikafika kwetu, na watu wakadhani kwamba ilishuka hivyo kutoka mbinguni.

Hatusemi kwamba watu wale wa London walikuwa waovu. Walikuwa na sababu zao. Twasema tu kwamba shauri lao la mwaka 1826 ni shauri la wanadamu, nalo limekuwa mapokeo. Na mhubiri wa Katuba anayepaza sauti kwamba yeye hafuati mapokeo ya wanadamu, analifuata hilo kila aifunguapo Biblia yake. Hakulichagua. Alilipokea tu, kama sisi tulivyopokea la kwetu. Kwa hiyo neno lenyewe halisimami: Biblia haijapata kumfikia mtu ye yote ikiwa peke yake. Huja imebebwa. Swali la kufaa ni nani aliyeibeba, aliipokea kwa nani, na ni nani awezaye kumkagua.

Mambo haya yangekuwa ya wasomi tu kama yasingeingia katika nyumba za watu. Lakini yameingia, na mahali yanapoumiza zaidi ni katika kilio. Tuchukue mfano, nao si wa nyumba moja, maana kila padri na kila katekista wa mji huu ameuona. Baba wa nyumba amefariki. Ameacha mjane na watoto watano. Watatu ni Wakatoliki, wawili wameingia kanisa la uamsho. Siku za maziko zinapita kwa amani, watu wanalala nje chini ya turubai, wanaimba, wanakula bukari pamoja. Kisha unakuja mpango wa siku ya arobaini. Kaka mkubwa ataka Misa ya marehemu parokiani, kila mtoto atoe sehemu yake. Dada aliyeokoka akataa. Asema: sitatoa hata faranga moja, mtu akifa hukumu yake imekwisha, kumwombea maiti, imeandikwa wapi? Kaka akasirika, asema dada hakumpenda baba yake. Hapo kilio kinageuka ugomvi, na mjane, ambaye ndiye mwenye msiba, analia mara mbili.

Tumpime dada kwanza. Swali lake lina jibu, nalo limeandikwa. Limo katika kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12: Yuda Makabayo alikusanya fedha kwa askari wake, akaipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya wenzao waliokufa vitani na dhambi, na mwandishi amsifu kwa kuwa aliufikiri ufufuko. Mchango wa fedha, sadaka hekaluni, sala kwa waliofariki. Lakini dada huyu akifungua Biblia yake haoni kitabu hicho. Yeye hasemi uwongo. Auliza ukurasa katika kitabu ambacho ukurasa wenyewe umekwisha kutolewa, na hakuna aliyemwambia kwamba umetolewa. Ugomvi wake na kaka yake, kule katika ua wa nyumba ya Katuba, ni mwangwi wa shauri lililokatwa London mwaka 1826. Tungependa wahubiri wawaambie waamini wao habari hii, kisha waendelee kuvikataa vitabu hivyo kama watakavyo, lakini kwa kujua.

Sasa tumpime kaka, maana na yeye ana mzani wake. Baada ya Misa ya arobaini wanakuja wajomba na baba wadogo. Wamevaa vizuri, wamekunywa kidogo. Wasema: kwa desturi ya ukoo, nyumba hii ni ya ukoo, mjane arudi kwa watu wake, na funguo tupeni. Na kaka yetu Mkatoliki, aliyekuwa hodari sana katika habari ya Misa, anatazama chini. Anasema taratibu: ndivyo tulivyokuta kwa wazee. Hapo yule dada aliyeokoka anasimama. Anafungua Biblia yake ya vitabu sitini na sita, ambayo kwa jambo hili inatosha kabisa, anawasomea Kutoka na Isaya juu ya mjane na yatima, kisha anawauliza kwa sauti ya juu: kumnyang'anya mjane nyumba, imeandikwa wapi?

Wasomaji wapenzi, hapo swali lile ni swali takatifu. Ndilo alilolifanya Bwana wetu mwenyewe katika sura ya 7 ya Marko, alipowakuta Mafarisayo wamepata njia ya dini ya kumnyima baba na mama haki yao, kwa kusema kwamba mali imekwisha kuwekwa wakfu. Aliwakemea kwa kuiacha amri ya Mungu na kuyashika mapokeo ya watu. Hakukemea kila kitu kilichopokewa kwa wazee. Yeye mwenyewe aliingia katika sinagogi siku ya Sabato kama ilivyokuwa desturi yake, akala Pasaka kwa kawaida ya taifa lake. Alikemea desturi iliyomla mtu kwa jina la Mungu. Desturi ya kumfukuza mjane ni ya namna hiyo hiyo, na hata Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ya nchi yetu yamlinda mjane. Mkatoliki anayeitetea desturi hiyo kwa neno mapokeo amelichafua neno la Kanisa. Mapokeo ya Mitume na desturi za ukoo si kitu kimoja, hata kama zote zimetoka kwa watu waliotutangulia. Katika ua ule, dada mwenye kitabu pungufu aliishika imani ya Kanisa vizuri kuliko kaka mwenye kitabu kamili.

Kwa sababu hiyo hatupendi kuandika habari hii kana kwamba upande mmoja una nuru yote. Historia ya Katanga ina mifano miwili, mmoja wa kila upande.

Wa kwanza ni wa Tomo Nyirenda, mzaliwa wa Nyasaland, nchi iitwayo siku hizi Malawi. Aliyasikia mahubiri ya Watch Tower, akaanza kuhubiri na kubatiza kwa Walala, upande wa Rhodesia ya Kaskazini, mwaka 1925. Akajiita Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu. Alisema kwamba ubatizo wa kuzamishwa majini utawafunua wachawi. Na wale aliosema wamefunuliwa, waliuawa. Akavuka mpaka akaingia Katanga, na huku pia watu wengi wakafa. Alikamatwa, akanyongwa mwaka 1926. Tusimpige Mprotestanti wa leo kwa fimbo hiyo, wala Shahidi wa Yehova. Wao humchukia mtu yule kama sisi. Twamtaja kwa jambo moja. Habari ya ubatizo aliitoa katika Maandiko, lakini hapakuwa na mtu hata mmoja, wala askofu, wala mzee, wala kanisa la zamani, ambaye Mwana Lesa alidhani yampasa kumsikiliza akiambiwa: la, ndugu, Kanisa halijapata kuisoma hivyo. Ni mfano wa mwisho kabisa, lakini katika mji huu tumekwisha kuona watoto wakiitwa wachawi na wahubiri na kufukuzwa nyumbani kwao, na Biblia imefunguliwa mezani.

Mfano wa pili ni wa kwetu, nao twausema kwa mapendo, maana nyumba nyingi njema za Kikatoliki za Katanga zilizaliwa humo. Ni Jamaa. Padri Placide Tempels, Mfransisko, yule aliyetoa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu hapa Elisabethville mwaka 1945, alianza katika miaka ya 1950 kukutana na wafanya kazi wa migodi ya Union Minière upande wa Kolwezi, mume na mke pamoja. Hakuwaletea katekisimu ya kukariri. Aliwauliza wao wataka nini katika maisha, wakajibu uzima, uzazi na mapendo. Kwa maneno hayo matatu wakaisoma Injili upya, na waume waliokuwa wakiwapiga wake zao wakaanza kuwaita mama. Mafundisho hayo hayakuandikwa. Yalipita kinywa kwa sikio, baba na mama wakiwazaa wengine katika Jamaa. Johannes Fabian, mtaalamu Mjerumani aliyeyasikiliza na kuyakusanya kwa Kiswahili chetu, alitoa kitabu juu yao mwaka 1971.

Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962. Baada yake mafundisho yaliendelea kutembea, na katika makundi mengine yalitembea mbali. Likaongezwa hili, likaongezwa lile, likawa fumbo la wenyewe kwa wenyewe, na mtu akiuliza limetoka wapi aliambiwa kwamba bado hajafika. Katika miaka ya 1970 maaskofu waliingilia kati, na makundi mengine yakajitenga na Kanisa. Mprotestanti akitazama jambo hili atasema: mwaona? Kitu kinachopita kinywani hubadilika, na ninyi mlihitaji miaka ishirini tu. Neno lake lina nguvu, wala tusilikwepe. Ndiyo maana Roho Mtakatifu hakuliacha Kanisa na kinywa peke yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Ufunuo ya tarehe 18 Novemba 1965, wafundisha kwamba Maandiko na Mapokeo yatoka katika chemchemi moja, na kwamba wenye mamlaka ya kufundisha katika Kanisa hawako juu ya Neno la Mungu bali ni watumishi wake. Mtumishi huweza kuulizwa: bwana wako alisema hivyo wapi? Wale wa Jamaa waliokubali kuulizwa hivyo wamo parokiani hata leo. Wale waliokataa wakawa na mapokeo yasiyo na kitabu, nao walipotea kama yule mwenye kitabu kisicho na mapokeo.

Wahubiri wana maandiko mawili wanayoyapenda katika habari hii. La kwanza ni barua ya pili kwa Timoteo, sura ya 3, isemayo kwamba kila andiko lina pumzi ya Mungu na lafaa kwa mafundisho. Amina. Lakini maandiko ambayo Timoteo aliyajua tangu utoto ni yale ya Agano la Kale. Kama Paulo alitaka kusema kwamba hayo yatosha bila kitu kingine, basi Injili nne zingekuwa za ziada. Na mstari ulio kabla kidogo wamwambia Timoteo akumbuke ni akina nani waliomfundisha. La pili ni habari ya watu wa Beroya katika Matendo 17, waliochunguza Maandiko kila siku waone kama mambo ya Paulo ndivyo yalivyo. Nasi twawasifu. Laiti kila jumuiya ya mtaa ingefanya kama wao! Ila tuone walichokuwa wakikichunguza: ni mahubiri ya mdomo ya Mtume, nao wakayapokea.

Limebaki neno lenyewe, mapokeo, na hapa tuna shauri na watafsiri. Neno hili ni jema kuliko lile la Kifaransa tulilolizoea. Latoka katika kupokea, na hakuna apokeaye pasipo mwenye kumpa. Watu hupokezana mzigo njiani, na mwenye kupokea hutazama kama kamba haijalegea. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile iitwayo ya Union, ambayo Waprotestanti ndio walioifanya na ndio wanaoipenda, yatumia neno hilo kwa uaminifu mkubwa. Yalitumia katika Marko 7, Bwana akemeapo mapokeo ya wanadamu. Yalitumia vile vile katika barua ya pili kwa Wathesalonike, sura ya 2 mstari wa 15, Paulo awaagizapo Wakristo washike yale waliyofundishwa naye, ya mdomo na ya waraka. Neno ni moja katika Kigiriki, nalo likabaki moja katika Kiswahili. Msomaji huona mwenyewe kwamba kuna mapokeo ya kukemewa na mapokeo ya kushikwa, naye atalazimika kufikiri.

Biblia ya Habari Njema ya miaka ya 1990, waliyoshirikiana Wakatoliki na Waprotestanti, tunayoisoma kwa furaha kwa kuwa maneno yake ni mepesi na kwa kuwa yachapwa pia pamoja na vitabu vile saba, mahali hapo pa Wathesalonike imeweka neno mafundisho. Si kosa la imani. Yaliyopokewa ni mafundisho kweli. Lakini uzi umekatika. Msomaji wa Habari Njema hawezi tena kuona kwamba Paulo aagiza kushikwa kwa kitu chenye jina lile lile ambalo kwingine lakemewa. Ni ajabu kidogo kwamba katika jambo hili Mkatoliki hupata silaha yake katika Biblia ya Waprotestanti, na huikosa katika ile aliyosaidia kuifanya. Kama watafsiri wataketi tena, twawaomba wautazame mstari huo.

Kwa sasa, jirani akija tena na swali lake, msibishane mlangoni. Mkaribisheni ndani, mpeni kiti, itoeni Biblia iliyo chini ya sahani. Kisha mwombeni na yeye aweke mezani ile yake ya Union, afungue Wathesalonike wa pili, sura ya pili, mstari wa kumi na tano, asome yeye mwenyewe kwa sauti.